Sanduku la Vyumba Vitupu

Kukhu Nasipwondi alikuwa ameona mambo katika miaka yake ya Kibera. Alikuwa ameona bwana harusi akitorokea dirishani, na mbuzi akipanda ngazi za ploti, nyumba ya kupangisha, mpaka juu kabisa kisha akakataa kushuka. Lakini Jumamosi ile, ndani ya duka la Oluoch kule Kabiro, Kawangware, alipochungulia sanduku la kompyuta ambalo mjukuu wake Valentine alikuwa amelichagua, alishika shavu na mdomo wake ukabaki wazi.

Sanduku lilikuwa kubwa kama kabati la vyombo. Upande mmoja lilikuwa na kioo, na nyuma ya kioo hakukuwa na kitu.

“Vale,” akasema kwa sauti ya chini, ile ya kanisani. “Huyu anatuuzia hewa.”

Oluoch alikuwa kijana mnene mwenye bisibisi sikioni kama seremala na penseli yake. Alicheka akasema hewa ya Kabiro ni ya bure, shosho, hapo wanalipia mabati tu, vitu vya ndani vinachaguliwa kimoja kimoja. Kukhu hakucheka. Pesa zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa kiunoni mwake, na hazikuwa pesa za kununulia mabati.

Valentine alikuwa mtu wa video. Watu wakizika, wakioa, wakichangia mgonjwa, yeye huenda kuwapiga picha, kisha hurudi nyumbani Makina, Kibera, akakaa kitandani akikata na kuunganisha kwenye simu mpaka simu inakuwa moto kama jiko. Kanisa moja la mtaa wa Satellite lilikuwa limemwahidi kazi ya kila Jumapili, ila walitaka mtu mwenye kompyuta ya nguvu. Hiyo ilikuwa njia moja. Ya pili ililetwa na shangazi yake Phanice, aliyekuwa amempata wakala wa kupeleka wasichana kazi Uarabuni. Pasipoti ilikuwa tayari, na wakala alitaka jibu Jumatatu.

Kukhu hakuwa amesema ndiyo wala la. Utamkatazaje mtoto kutafuta? Lakini Daisy, binti wa jirani yake Jael, alikwenda huko huko, na sasa Jael humwona mwanawe kwenye kioo cha simu tu, tena siku ambayo mtandao umeamka vizuri. Kwa hiyo zamu yake ya kupokea pesa za chama ilipofika, Kukhu alimwambia Valentine, twende ukanunue hiyo mashine yako. Kompyuta ya mezani haipandi ndege. Alikuwa ameiwaza hivyo, kubwa, nzito, imejaa pomoni, ya kumkalisha mtu chini.

Na sasa mtoto anachagua vitu vitupu.

Cha pili kilikuwa bodi yenyewe, kipande bapa cheusi kilichojaa vijumba na vijia, kama Kibera ukiitazama kutoka juu ya mnara. Oluoch aliiita madabodi, bodi mama. Valentine alieleza kwamba kila kitu hukaa juu ya huyu mama, na akaanza kuonyesha kwa kidole. Hapa panakaa ram, kumbukumbu ya kufanyia kazi, na pana nafasi nne.

“Umechukua mbili,” Kukhu akasema.

“Mbili zitakaa wazi.”

“Na huu mfereji mrefu?”

“Wa kadi ya picha. Utakaa wazi.”

“Na hapa kwa diski?”

“Diski ni moja, Kukhu. Hizo zingine wazi.”

Kukhu aliita jina la marehemu mume wake kimoyomoyo. Halafu ikaja zamu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na hapo ndipo alipotafuta kreti la soda akakaa. Oluoch alikuwa na prosesa mbili kwa bei ile ile. Moja ilikuwa na nguvu zaidi, alisema mwenyewe bila kuulizwa, lakini inaingia tu kwenye bodi ya zamani ambayo haipokei kitu kingine baada yake. Nyingine ilikuwa dhaifu kidogo, ila bodi yake itapokea hata zile zitakazotoka miaka ijayo. Valentine akachukua dhaifu.

Kukhu aliwatazama wote wawili kama watu waliokunywa kitu. Yenye nguvu iko mezani, bei ni moja, na mtu mwenye akili timamu anaiacha? Hata kuku huokota punje kubwa kwanza. Ndipo wazo baya likamwingia, likakaa. Mtu anayenunua nusu nusu ni mtu asiye na haja ya kumaliza. Mtoto huyu ameshaamua. Kompyuta ni ya kumfurahisha nyanya, na mwili tayari uko uwanja wa ndege.

“Kitendawili,” akasema.

“Tega,” Valentine akajibu bila kuinua macho. Nyumbani kwao vitendawili havikuwa mchezo wa watoto. Aliyeshindwa alitoa mji na kuosha vyombo, na kufikia mwaka ule Kukhu alimiliki Kitale, Eldoret, Mombasa yote na nusu ya Kampala.

“Nimejenga nyumba ya vyumba saba, nikanunua kitanda kimoja.”

Oluoch alijaribu. Mtu wa hasara? Gesti imefilisika? Kukhu akatikisa kichwa akadai mji, na Oluoch, kwa uchungu wa kuigiza, akampa Kisumu.

“Kisumu nimeichukua. Jibu ni mjukuu wangu.”

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka, na kabla Valentine hajaliona hilo simu yake ikalia. Alikuwa shangazi Phanice. Valentine akatoka nje, akasimama karibu na bucha, akaziba sikio moja kwa kidole. Kukhu aliyatazama mabega yake. Alimwona akitikisa kichwa, akiongea, akitikisa tena. Hakusikia neno, wala hakutaka kusikia.

Kilichobaki kuchaguliwa kilikuwa pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea stima, yaani umeme, na kuigawia kompyuta nzima. Valentine alikuwa ameweka moja kando, jeusi, halina hata pambo. Kukhu alilinyanyua. Kwa miaka yote ya kuuza kabichi Makina alikuwa na mizani moja tu, kiganja chake cha kulia. Kabichi nyepesi imejaa upepo, nzito imeshikana mpaka moyoni, na kiganja kile hakikuwahi kumpeleka vibaya. Hili la Oluoch lilikuwa na uzito, ndiyo, lakini uzito wa wastani.

Ng'ambo ya barabara mwanamume mmoja alikuwa ametandika nailoni na kupanga chaja, spika na maboksi ya stima. Kukhu alivuka. Akapima moja, akarudisha. Akapima la pili, akarudisha. La tatu lilikuwa na maandishi ya dhahabu na feni ya rangi rangi, na lilipotua kiganjani mkono wote ulishuka. Moyo wake ukaruka. Hili sasa. Hili hata upepo wa Uarabuni hauling'oi. Muuzaji alikataa kabisa kupunguza bei, na jambo hilo lilimfanya Kukhu amwamini zaidi. Akafungua kitambaa.

Aliliweka mezani kwa Oluoch likalia *du*, hata bisibisi zikarukaruka. Valentine alikuwa anaingia. Kukhu akamwambia arudishe lile jeusi, hili ndilo lenyewe, ni zawadi yake.

Valentine alilitazama, akamtazama Oluoch, na kuna neno Kukhu aliona akilimeza. Mtoto aliyelelewa hakatai zawadi ya nyanya mbele ya watu. Akashika kwa mikono miwili, akasema asante, Kukhu.

Oluoch alianza kuunganisha. Bodi ikaingia ndani ya sanduku, prosesa ikalala mahali pake, ram mbili zikaingia *kwa*, *kwa*, na diski aliyokuja nayo Valentine, yenye video zake zote, ikafungwa pembeni. Halafu akachukua lile boksi la dhahabu, akaliweka kiganjani, na kicheko alichokuwa nacho kikatoka usoni.

“Shosho, hii umetoa wapi?”

“Hapo nje. Si ni nzito?”

“Ni nzito. Lakini angalia, imelalia upande mmoja.”

Akalitikisa karibu na sikio. Kisha, bila kuomba ruhusa, akatoa bisibisi akaanza kulegeza skrubu zake ndogo. Kukhu alitaka kumzuia, unafunguaje kitu kipya cha mtu, lakini kifuniko kilikuwa kimeshatoka.

Wote watatu wakainama kuchungulia.

Ndani mlikuwa na kipande kidogo cha bodi ya kijani, kama cha redio ya mtoto, na nyaya nne zilizojikunja kwa aibu. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa imekaliwa na saruji. Saruji ya kijivu, ya kujengea, imemwagwa ikakauka, na juu yake alama ya kidole gumba cha mtu aliyeisawazisha.

Kukhu alinyoosha mkono akaigusa, maana macho yake hayakutosha. Ilikuwa baridi. Akakaa kwenye kreti lake. Oluoch alieleza taratibu, bila kumtazama, kwamba stima ya mitaa hii inapanda na kushuka, na kiboksi kile kingeungua kwa mrusho mmoja tu. Bodi ingeondoka, prosesa ingeondoka, na diski na kila kitu kilicho ndani yake. Pengine na pazia la nyumba pia.

Wakageuka kutazama ng'ambo. Nailoni haikuwapo. Mama wa mahindi choma aliwaambia yule jamaa alipanda boda akiwa bado anafunga mzigo wake, wala hakusubiri mahindi aliyokuwa ameagiza.

Kukhu aligeuza kiganja chake cha kulia juu, akakitazama kama mkono wa mtu mwingine.

“Nilitaka kitu kizito,” akasema. “Kitu cha kukushika usiende.”

Sasa ikawa zamu ya Valentine kupigwa na butwaa. “Niende wapi?”

“Si shangazi yako alikuwa anakuita?”

“Nilikuwa namwambia amwambie huyo wakala atafute mtu mwingine.” Valentine alichuchumaa mbele ya kreti. “Kukhu, ulidhani naenda? Na hizi zote nanunua za nini?”

“Umenunua mashimo, mwanangu. Mtu wa kukaa hununua kitu kilichojaa.”

“Mtu wa kwenda ananunua laptop. Anaifunga, anaitia kwa begi, anapiga kona.” Akamshika kidevu kwa upole, akakielekeza mlangoni. “Hebu angalia juu ya ile ploti. Zile chuma zimesimama paani ni za nini?”

Kukhu alizijua. Nani asiyezijua? Kila ploti ya Kawangware imeotesha chuma paani kama nywele zisizochanwa. “Za ghorofa inayokuja,” akasema.

“Na mwenye ploti anahama?”

Valentine akamvuta mpaka kwenye kile kioo na kuanza kumwonyesha upya, kidole kikipita pale pale kilipopita mwanzo. Hapa ni pa ram za mwakani, kanisa likianza kulipa. Huu mfereji ni wa kadi ya picha, akipata harusi kubwa zile za drone, kamera inayoruka. Hapa ni pa diski za video za watu, maana video za mazishi hazifutwi. Na prosesa hii ikichoka atatoa hii tu, atie nyingine, nyumba ibaki ile ile.

Kukhu alishtuka kuliko alivyoshtushwa na saruji. Alikuwa ameitazama miaka ya mjukuu wake imepangwa mstari pale ndani, akaiita hewa.

“Kisumu rudisha,” Oluoch akasema. “Hicho kitendawili kimeanguka.”

“Kisumu ni yangu,” Kukhu akajibu, akipangusa macho kwa ncha ya leso.

Lakini shida ilikuwa bado mezani. Kitambaa kilikuwa kimelegea, na pawa saplai jeusi lilihitaji kulipiwa. Valentine hakufikiri sana. Aliingiza mkono ndani ya sanduku, akachomoa ram moja kati ya zile mbili, akamrudishia Oluoch wabadilishane. Kazi itaenda polepole kidogo, alisema, ila itaenda.

“Sasa mashimo yameongezeka,” akasema, akimchungulia nyanya yake kwa jicho la pembeni.

“Yaache,” Kukhu akasema. “Yaache wazi yote.”

Oluoch alipobonyeza kidude cha kuwasha, Kukhu alikuwa amekamata mkono wa Valentine kwa kucha, akingoja mlipuko. Feni ikazunguka. Taa ndogo ikaja, nyeupe, ikamulika vyumba vitupu mpaka mwisho.

Jumatatu asubuhi, pale Makina, nailoni ya kufunikia kabichi ilikuwa imekandamizwa na jiwe jipya, la kijivu, la pembe nne, lenye alama ya kidole gumba. Jael alikuja kununua mboga akauliza hilo nalo limetoka wapi.

“Kitendawili,” Kukhu akasema.

“Tega.”

“Nilinunua moto, nikapewa jiwe, na jiwe likanirudishia mtoto.”

Jael alifikiri, akakisia, akakosa, akatoa Nakuru. Kukhu akaipokea, akafungua mdomo atoe jibu. Kisha akaona simu mkononi mwa Jael, kioo kikiwa juu, mwangaza umepandishwa mpaka mwisho, jinsi alivyoizoea kuishika tangu Daisy aondoke, ili ikiita asichelewe.

“Jibu bado linaiva,” akamwambia. Akainama akachagua kabichi kubwa kuliko aliyoagizwa, akaipima kwa mikono yote miwili, akaibonyeza juu, akaibonyeza chini, ndipo akampa.