Dawa ya Bosi

Asubuhi hiyo mlango wa friji ulifunguliwa na hakuna aliyepiga kelele.

Mwanamke aliyeshika pakiti ya maziwa alisimama palepale, mlango wazi, baridi ikimpiga magotini. Kila siku, friji ikiguswa tu, kwenye kizimba kilicho kando ya meza ya jikoni ulitoka mluzi mkali, wiik wiik wiik, mpaka mwenyewe apewe jani lake la kabichi. Ndiyo maana aliitwa Bosi. Alikuwa simbilisi, mnyama mdogo asiye na mkia, mnene kama mkate, manyoya ya kahawia na baka jeupe usoni, na kusubiri hakukujua kabisa.

"Bosi?" mwanamke aliita, akajiona mjinga.

Akachungulia. Simbilisi alikuwa amejikunja pembeni, manyoya yamesimama kama aliyenyeshewa, macho nusu yamefumba. Kila akivuta pumzi, kifua kilikoroma.

Mwanamke huyo alikuwa mfamasia wa hospitali. Mwaka huohuo alikuwa ameolewa na dereva wa lori la masafa marefu, mwanamume aliyefiwa na mke na kuachiwa binti mmoja. Baba mtu alimwita binti huyo Kasuku, jina la enzi zile alipokuwa anaongea mpaka usingizini. Mama alipofariki maneno yalikwisha, jina likabaki. Bosi alinunuliwa na marehemu mama huyo, siku ambazo mama tayari alikuwa anaumwa. Alimwambia mwanawe, "Huyu hachoki kusikiliza." Na kweli, Kasuku aliongea na Bosi kila siku, amelala kifudifudi sakafuni, mdomo kwenye nondo za kizimba. Kwa mfamasia alikuwa na shikamoo Aunti, asante Aunti, nimeshiba Aunti. Basi. Adabu tele, kama mgeni anayengoja kuja kuchukuliwa.

Kasuku aliingia jikoni na sare zake za shule, akaona mlango wa friji wazi na kimya kilichotanda. Mkoba ukamdondoka.

"Amekufa?"

"Hajafa. Anaumwa. Kifua kimembana."

"Kama mama?"

Mfamasia alijihisi kama amepigwa kofi. "Hapana, mwanangu. Kifua tu. Hebu niletee taulo."

Alipiga simu kliniki ya mifugo, akaambiwa daktari yuko mashambani anachanja ng'ombe, atarudi mwisho wa wiki. Mfamasia hakubabaika. Vifua vya watoto alivihudumia kila siku kwenye dirisha la dawa, na kabatini alikuwa na chupa ya amoksilini ya watoto, ile ya maji, ya rangi ya waridi na harufu ya ndizi. Akampima Bosi kwenye mizani ya unga, akakokotoa dozi kwa uzito wake, akarudia hesabu ili awe na uhakika, kisha akaivuta dawa kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano.

"Mshike vizuri. Usimbane kifua."

Kasuku akamfunga Bosi kwenye taulo kama kichanga. Mfamasia akapenyeza ncha ya bomba pembeni mwa meno, akasukuma taratibu. Bosi akatafuna hewa, akameza.

"Amemeza!" Kasuku alisema. "Aunti, amemeza! Umeona shingo yake?"

"Nimeona."

"Huwa hapendi kitu kipya. Tango lenyewe alilikataa wiki nzima, mpaka nikajifanya nalila mimi. Aunti, hii dawa ni nzuri?"

"Nzuri sana. Inaponya watoto wengi. Asubuhi na jioni, utaona mwenyewe."

Mfamasia alikwenda kazini siku hiyo akitembea kama msichana aliyesifiwa. Mtoto alikuwa amesema naye maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Mwenzake wa dirishani akamuuliza, "Mbona unacheka na vidonge leo?" Akajibu, "Nina mgonjwa wa familia." Wakacheka wote wawili.

Jioni walimpa dawa pamoja. Kesho yake hivyohivyo. Kasuku akiwa ameshika taulo alisimulia jinsi Bosi alivyowahi kupotea ndani ya kiatu cha baba, na jinsi marehemu mama alivyocheka mpaka akashikwa na kikohozi. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mama yake mbele ya mfamasia. Mfamasia alisikiliza bila kutikisika, kama mtu aliyetuliwa na ndege begani.

Kukoroma kukapungua. Lakini Bosi hakula. Kisha akaanza kuhara, maji matupu yenye harufu kali, na tumbo likavimba gumu kama mpira. Mfamasia alipomshika masikio aliyakuta ya baridi. Akajiambia ugonjwa una nguvu, dawa inapambana nao. Ndivyo alivyozoea kuwaambia wazazi dirishani: usikatishe dozi, mama, maliza chupa.

Daktari wa mifugo aliporudi, walikuwa wa kwanza mlangoni, Bosi ndani ya boksi la viatu lenye matundu. Daktari alikuwa mwanamume mrefu, bado amevaa mabuti yenye tope la zizini. Alimtoa Bosi kwa vidole viwili kama anayeshika yai, akamsikiliza kifua, akamgusa tumbo, akamwinua mkia usiokuwapo. Uso wake ukabadilika.

"Amekuwa akila nini?"

"Siku hizi hali," mfamasia alisema. "Ila dawa nampa bila kukosa." Akaitoa chupa kwenye mkoba, akaiweka mezani, lebo ikimtazama daktari.

Daktari aliiangalia. Hakuigusa.

"Nani alikuandikia hii?"

"Nimeandika mwenyewe. Mimi ni mfamasia. Nilimpima uzito, dozi ni sahihi kabisa."

"Dozi inaweza kuwa sahihi," daktari alisema polepole. "Kwa mtoto. Dada, simbilisi hapewi dawa hii kwa mdomo. Tumbo lake linaendeshwa na vijidudu wema, ndio wanaomsagia nyasi. Hii ikiingia inawafagia. Wanabaki wabaya peke yao, wanazaana na kutoa sumu."

"Lakini kifua..."

"Kifua ni chepesi. Kilikuwa kitu kidogo, kuna dawa nyingine ya kukitibu."

"Sasa anaumwa nini?"

Daktari alimtazama mtoto, akaitazama chupa, akamrudia mfamasia. Alionekana kutafuta namna nyingine ya kulisema akaikosa.

"Anaumwa dawa."

Mfamasia alisikia maneno hayo kama yanasemwa chumba cha pili. Akilini alijiona yuko jikoni, bomba mkononi, akisukuma taratibu, asubuhi na jioni, huku akifurahia hadithi. Alikuwa amemlisha sumu mnyama wa marehemu mbele ya mtoto wa marehemu, na mtoto ndiye aliyeshika taulo.

Akajilazimisha kugeuka. Kasuku alikuwa amekaza macho kwenye chupa, midomo imekuwa myeupe.

"Na mchana?" Kasuku aliuliza.

"Mchana nini, mwanangu?"

"Nilimpa na mchana pia. Kila nikitoka shule. Nilijaza bomba kama wewe, mpaka kwenye mstari." Sauti ilikuwa ndogo, haina hata chozi. "Ulisema ni nzuri sana. Nikataka apone haraka."

Nje ng'ombe alilia, na daktari akayainamia mabuti yake. Miezi yote alitamani mtoto huyu amwamini hata kidogo. Kumbe alikuwa ameshaaminiwa, mzimamzima, na imani yenyewe ndiyo ile iliyolala mezani imevimba tumbo.

"Kuna la kufanya?" hatimaye aliuliza.

"Tutajaribu," daktari alisema. "Sitawadanganya, wengi hawavuki."

Alimdunga Bosi maji chini ya ngozi, akawapa unga wa nyasi kavu wa kukoroga na maji, akawaonyesha jinsi ya kumsugua tumbo kwa kidole gumba, kwa mzunguko. Joto lisipungue. Chakula kidogokidogo, kila baada ya muda mfupi. Akaichukua chupa ya waridi, akaifungia kabatini mwake.

Njiani Kasuku alilipakata boksi mapajani. Mfamasia alimpigia mumewe simu. Dereva alikuwa mpakani, foleni ya malori haisogei, honi zinapigwa. "Bosi anaumwa sana," mfamasia alisema. "Hebu mpeni kabichi," mumewe akapiga kelele kushinda honi, "yule akiona kabichi atafufuka!" Mfamasia akataka kumwambia mengine, akaishia kusema sawa na kukata simu.

Akaomba ruhusa kazini. Kizimba kikahamia sebuleni, kwenye kochi. Walijaza maji ya moto kwenye chupa, wakaivalisha soksi ya baba, wakamwegemezea Bosi ubavuni. Mfamasia alikoroga uji wa nyasi, Kasuku akashika taulo. Kazi ilikuwa ileile, mikono ileile, bomba lilelile lililochemshwa, ila sasa kila tone lilipoingia wote wawili walishtuka kidogo.

"Kasuku, nisikilize," mfamasia alisema. "Hili si kosa lako. Wewe ulimwamini mtu mzima aliyesema anajua. Aliyekosea ni mimi."

Kasuku aliendelea kusugua tumbo.

"Ungejua ni sumu ungempa?"

"Nisingempa kamwe."

"Hata mimi." Akavuta taulo likae sawa. "Aunti, huko kazini kwako watu huwa wanakuuliza? Kama dawa ni yenyewe?"

"Wachache."

"Wengine?"

"Wanachukua tu."

"Wanameza?"

"Wanameza."

Mtoto alimtazama kwa mshangao ambao mfamasia hakuwahi kuuona kwa mtu, kama vile amegundua dunia nzima inatembea juu ya kamba.

Kesho yake Bosi alitoa choo. Punje moja, ngumu, nyeusi, kama ya simbilisi mzima. Kasuku aliiinua kwenye kiganja kama lulu. "Aunti! Kanya! Kanya vizuri!" Wakarukaruka sebuleni wakiwa wameshikana mikono, mpaka jirani akagonga ukuta. Bosi akatafuna ncha ya jani, akaacha, akatafuna tena. Mfamasia alikwenda bafuni, akafungua bomba la maji ili asisikike, akalia.

Alasiri moja baadaye, jua likiwa limejaa dirishani, mfamasia alikuwa jikoni anavuta uji kwenye bomba. Kasuku alikuwa kwenye kochi, Bosi mapajani.

"Aunti," Kasuku aliita. "Usijaze."

"Naondoa hewa tu, nakuja."

"Usijaze, Aunti."

Alikwenda na bomba mkononi. Bosi alikuwa amejinyoosha, miguu ya nyuma imelegea, macho wazi. Mfamasia alimwekea kidole kifuani, akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakukuwa na kitu. Hata yeye, aliyeonywa, aliyejua kabisa, alishangaa kana kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kumwambia kwamba vitu hufa.

"Alikuwa anakula," alisema. "Jana alikuwa anakula."

"Ndiyo," Kasuku alisema. "Alikuwa anakula."

Lori lilinguruma nje kabla jua halijazama. Dereva aliingia na vumbi lake, kabichi kubwa kwapani.

"Yuko wapi Bosi wangu?"

Akawaona. Akaliona taulo lililofungwa juu ya meza. Kabichi likamponyoka, likabiringika mpaka chini ya kochi.

Mfamasia alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alasiri, na aliyasema yote bila kujificha popote: kifua, chupa, daktari, sumu. Uso wa mumewe ulikwenda ukipauka.

"Sumu?" alisema. "Ndani ya nyumba yangu? Wewe unayejua dawa? Nani alimpa?" Sauti ikapanda. "Nauliza, nani alimpa?"

"Mi..." mfamasia alianza.

"Sisi," Kasuku alisema.

Baba aligeuka. "Nyamaza, mama, naongea na..."

"Sisi wawili, baba. Yeye asubuhi na jioni. Mimi mchana. Hatukujua."

Dereva alimtazama binti yake. Hakuwa amemsikia akisema sentensi nyingi hivyo kwa mkupuo tangu msiba. Akamtazama mkewe, kisha taulo, na mwili wake mkubwa ukashuka, ukakaa sakafuni penye kabichi, mabuti miguuni. Akalia. Alilia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, ya mtu asiyejua kulia, na kati ya kwikwi akataja jina la mkewe wa kwanza, ambalo halikuwahi kutamkwa nyumbani humo tangu harusi.

Kasuku alibaki mdomo wazi. Makaburini baba yake hakutoa chozi. Aliwabeba wengine, akawagawia maji, akaendesha gari kurudi.

"Aunti," alinong'ona. "Anafanya nini?"

"Analia."

"Tufanye nini?"

Mfamasia hakujua. Alimwambia hivyo: "Sijui, Kasuku." Wakaenda wakaketi sakafuni, mmoja kila upande, na baba mtu akawaacha wakae.

Walimzika Bosi asubuhi, nyuma ya jiko, kwa kijembe cha kupalilia mchicha. Jumatatu mfamasia alirudi dirishani. Mwanamke wa kwanza alikuwa na mtoto mgongoni, anakoroma kifua, na dawa aliyoandikiwa ilikuwa ileile ya waridi. Mfamasia alisoma cheti, akakisoma tena. Akamuuliza mama uzito wa mtoto, umri, kama kuna dawa nyingine anayotumia, kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Foleni ikaanza kuguna.

"Dada, kwani kuna shida?" mama aliuliza, amepata hofu.

"Hakuna shida," mfamasia alisema, mkono juu ya chupa. "Ila na wewe niulize. Niulize chochote, nitasubiri."

Yule mama alimshangaa, akatazama nyuma kwa watu wa foleni, kisha akamsogezea mtoto dirishani na kuuliza kama dawa hiyo inapewa kabla ya chakula au baada.