Safu ya Wanaongojewa

Kama kulikuwa na mtu Bujumbura mwenye haki ya kuchoka kuhesabu watu mwaka ule wa 2000, basi ni Waridi. Miezi miwili mizima alikuwa amepita nyumba kwa nyumba Gasenyi na Buterere, viatu mkononi kila penye tope, akiuliza maswali kumi na manne yaleyale na kuyajaza kwenye karatasi ambazo ofisini waliziita fishi. Asubuhi alitoka kwao Buyenzi, na saa nane mchana alihakikisha amesharudi mjini, maana baada ya hapo barabara ya kaskazini ilikuwa na wenyewe, wenye bunduki.

Kazi ilikuwa ya shirika dogo la maji lililopanga vyumba viwili ghorofani, Rohero. Shirika lilikuwa na mabomba ya kutosha mtaa mmoja tu, na ripoti ndiyo ingesema ni mtaa upi. Waridi hakuwa na shaka hata chembe. Gasenyi walikuwa na shida zao, sawa, lakini Buterere walikunywa maji ya mfereji wa mashamba ya mpunga, yaleyale waliyoogea bata, na hakuingia nyumba asikute mtoto anayeharisha. Kwa Mama Léocadie, mwanamke wa miaka sitini na zaidi aliyemkalisha kwenye kiti kimoja alichokuwa nacho, Waridi alifanya jambo walilokatazwa kabisa kwenye mafunzo. Aliahidi.

"Maji itakuja, mama," alisema, na Orpha, mjukuu wa yule mama, akapiga makofi.

Aliyewakataza kuahidi alikuwa Birindwa, mkuu wa takwimu. Alitoka Bukavu, ambako alifundisha hesabu hadi vita vya kwao vilipomvusha mpaka, na sasa aliishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya ofisi. Shati lake lilikuwa na pasi kila siku ya Mungu. Watu wa namba wakikasirika hawapigi meza, wanapiga hesabu, na Jumanne moja ya mwezi wa saba Waridi alipoingia ofisini alikuta kikokotoo kimeshapata moto.

"Mama Waridi, njoo uone," alisema Birindwa, akisukuma fishi mbele yake. "Swali ya ine: watu saba. Swali ya tisa: bido moja ya maji kwa siku. Swali ya kumi na moja: mukeka moja. Watu saba wanalala namna gani juu ya mukeka moja? Wanasimama?"

Waridi aliangalia jina. Léocadie.

"Mi niliandika vile alisema, shefu."

"Basi alikudanganya. Wanafikiri wakisema wengi watapata mingi. Na si yeye peke yake. Fishi mia moja na makumi ine za Buterere, makumi tisa na sita ziko hivi. Gasenyi ziko kumi tu." Alivua miwani. "Siwezi kuzitia mu ripoti. Buterere naiondoa yote. Ijumaa natuma Gasenyi peke yake."

Massoudi, mwenzake Waridi wa kazi za nje, alikuwa pembeni akinoa penseli, na alizidi kuinoa mpaka ikabaki kijiti. Waridi alijisikia damu ikimpanda. Aliweza kuvumilia kuitwa mzembe, lakini wale watu walimpa kiti chao cha pekee. Na yule mtoto alipiga makofi.

"Nipe mpaka kesho kutwa," alisema.

"Utafanya nini?"

"Nitasoma swali ya kumi na ine."

Birindwa nusura acheke. Swali la kumi na nne lilikuwa la mwisho, lile la adabu tu: je, kuna jambo lingine ungependa kusema? Chini yake iliachwa mistari mitano, na watu walisema, na Waridi na Massoudi waliandika neno kwa neno, kisha hakuna aliyeyasoma. "Maneno haiingii mu moyenne," Birindwa alipenda kusema, yaani huwezi kuyajumlisha ukayagawa upate wastani. Lakini alimpa siku mbili. Hakuwa mtu mbaya.

Kwanza Waridi alifungua jalada la majaribio. Kabla ya kwenda mitaani, Birindwa aliwataka wote ofisini wajaze fishi ya nyumba zao wenyewe, ili waone kama maswali yanaeleweka. Waridi aliikumbuka siku hiyo vizuri kuliko alivyotaka. Aliandika watu wawili, yeye na mama yake, mikeka miwili, bido mbili, yaani madumu mawili ya maji. Birindwa aliinua fishi ile juu mbele ya wote akasema hii ndiyo kazi safi, maana sheria ilisema wazi kwamba wa nyumba ni wale waliolala humo jana. Wenzake walimpigia makofi, naye moyo ukamsinyaa. Mume wake Rachid, fundi wa magari, aliondoka kwenda kutengeneza lori la watu lililokwama njia ya Rumonge, miaka mitatu ilikuwa imepita, na hakuna aliyeleta habari, nzuri wala mbaya. Jana yake hakulala ndani. Waridi alifuata sheria, na tangu siku hiyo alijiona kama aliyemfungia mlango mumewe kwa mkono wake mwenyewe.

Alizipitia fishi za wenzake. Alipofika ya mwisho alisimama, akaisoma mara mbili, kisha akaikunja polepole na kuitia kwenye mkoba.

Mchana ule, nyumbani Buyenzi, alikata karatasi vipande vipande, akanakili kila kauli ya swali la kumi na nne, kipande kimoja kwa kauli moja, na nyuma yake namba ya fishi. Mama yake, Bi Assia, hakujua kusoma, lakini kuchagua alijua. Miaka arobaini alikuwa amechagua mchele na maharagwe sokoni, na macho yake hayakukosea. Basi Waridi alisoma, na mama akaonyesha kwa kidole pa kuweka.

"'Maji inatutesa.'"

"Ile ya maji. Kule."

"'Mutoto aliharisha siku ine.'"

"Ile ya ugonjwa."

"'Usiku sifungi mulango na komeo, sababu Vainqueur hana ufunguo.'"

Bi Assia alirudisha kidole chake. "Nani amesema?"

"Mama mumoja wa Buterere. Léocadie."

"Weka hapa. Peke yake."

Kipande kile hakikukaa peke yake. Kuna baba aliyesema kiatu cha mdogo wake kipo, hakivaliwi na mtu. Kuna mke aliyesema kila akipika ugali anasonga wa watu wanne, halafu anagawia majirani. Kuna mwingine aliyesema tu, "Pierre anapenda samaki," na Massoudi, Mungu ambariki, aliyaandika hayo maneno matatu bila kuuliza Pierre ni nani. Mpaka adhana ya alasiri chungu kile cha vipande kilikuwa kimepita vyote, cha maji, cha magonjwa na cha njaa.

"Hiki tukiite nini?" Waridi aliuliza.

"Wale wanangojewa," mama yake alijibu, akainuka kwenda kutawadha. Pale mlangoni, kwenye msumari, koti la kazi la Rachid lilikuwa linaning'inia, limefuliwa. Waridi hakulifua yeye, wala hakuwahi kuuliza nani analifua.

Jumatano alikesha na namba mchana kutwa, kama kuna kukesha mchana. Aligeuza kila kipande, akatazama namba ya fishi, akachora jedwali la miraba minne kwa rula, jinsi Birindwa mwenyewe alivyowafundisha. Upande mmoja fishi ambazo watu wamezidi mikeka, upande wa pili ambazo hazikuzidi. Juu zenye neno la mtu anayengojewa, chini zisizo nalo. Kisha akahesabu mara tatu, maana mara mbili za kwanza hakuamini.

Alhamisi asubuhi aliliweka jedwali mezani kwa Birindwa.

"Fishi makumi tisa na sita ulisema ni za uongo, shefu. Ndani yake, makumi tisa na moja zina mutu anayengojewa. Zile zingine makumi ine na ine, ziko tatu tu."

Birindwa alivaa miwani. Alisoma mraba wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akajumlisha pembeni kwa peni, akapata mia moja na arobaini. Alikuwa na tabia ya kugusa kidevu namba ikimpendeza, na alikigusa.

"Na tena," Waridi alisema, sasa sauti imepata nguvu, "mutu akitaka kukudanganya apate mingi, angedanganya na mikeka. Angesema mikeka ine, bido tano. Hawakudanganya mikeka. Hawakudanganya maji. Walisema kweli mahali yote, sisi ndiyo tuliuliza vibaya. Tuliuliza, muko wangapi. Mama anaweza kusema tuko wawili? Akisema wawili, si amewazika wale wengine na mudomo yake?"

"Sheria iliandikwa wazi," Birindwa alisema, lakini taratibu. "Wale walilala mu nyumba jana. Mutu anayefuata sheria hawezi kosea."

Hapo Waridi alimwomba Massoudi akamnunulie chai. Massoudi alielewa kwamba chai si chai, akatoka na kufunga mlango. Waridi alitoa mkobani fishi iliyokunjwa, akaifungua, akaiweka juu ya jedwali. Alimheshimu mzee huyu, na hakutaka kumwumiza.

Ilikuwa ya majaribio. Mwandiko ulikuwa mdogo na ulionyooka, hakuna ofisini aliyekuwa na mwandiko kama huo ila Birindwa mwenyewe. Watu: wanne. Kitanda: kimoja. Bido: moja.

Birindwa alipitisha kidole juu ya lile neno: wanne. Chini barabarani muuza maandazi alipita akinadi, akafika kona, sauti ikapotea.

"Adélaïde," alisema hatimaye. "Na watoto wawili. Walishika njia ya Shabunda, mi nikashika hii. Tulisema tutaonana kisha juma moja." Alivua miwani akaipangusa kwa shati lake la pasi, shati likakunjamana. "Mi mwenyewe niliandika ile sheria, Mama Waridi. Niliiandika asubuhi. Mchana nikajaza hii, na sikuona kitu."

"Najua, shefu."

"Sikuona kitu hata kidogo."

Waridi alisogeza kiti chake karibu na cha mzee, akakaa. Birindwa alilia kidogo, kimya, jinsi watu wazima wanavyolia wakiwa ofisini. Kisha alivuta rula. Kwenye karatasi safi ya ripoti alichora safu mbili mahali palipokuwa na moja. Juu ya ya kwanza aliandika: wanaolala hapa. Juu ya ya pili alisimamisha peni.

"Mulikiita nini kile chungu chenu?"

"Mama yangu alikiita wale wanangojewa."

Akaandika.

Lakini Birindwa alibaki Birindwa. Jedwali zuri ni jedwali zuri, alisema, ila lazima wachague fishi kumi bila kupendelea, warudi Buterere leo hiihii, waulize upya kwa maswali mawili. Zikikubali kumi zote, Buterere inaingia. Zikikataa, inatoka, na hata machozi yake yasihesabiwe. Walitia namba zote kwenye kofia ya Massoudi, wakachomoa kumi, na ya nne kuchomolewa ilikuwa ya Léocadie.

Msomaji asikae roho juu: tisa za kwanza zilikubali zote, na mabomba yalifika Buterere mwezi wa kumi, kabla ya mvua kubwa. Nyumba ya Léocadie waliiacha ya mwisho, kwa sababu ilikuwa mbali zaidi, karibu na mpunga.

Mama Léocadie alimpa Birindwa kile kiti. Waridi alichuchumaa. "Mama, jana walilala hapa wangapi?"

"Wawili. Mi na huyu Orpha."

"Na munangojea wangapi?"

Yule mama alimtazama, akakaa chini polepole mkekani. Ilionekana kana kwamba mtu amempokonya mzigo kichwani bila kumwuliza. "Watano," alisema. "Vainqueur. Jérémie. Huguette na mutoto yake, sijui walimupa jina gani. Na baba yao." Kila jina alilitaja kwa utulivu, akimwangalia Birindwa aandike, na Birindwa aliandika yote, ingawa safu ile ilitaka namba tu. Alipomaliza alimsomea. Léocadie aliitikia kila jina kwa kichwa.

"Wawili na watano," alisema Birindwa. "Saba. Mama alisema kweli tangu mwanzo."

"Mi nilisema saba," Léocadie alisema, akishangaa kwamba kulikuwa na ubishi. Kisha akamgeukia Waridi, akamshika mkono. "Na we, mutoto yangu? Unatuuliza kila siku, hakuna mutu anakuuliza. Kwenu muko wangapi?"

Waridi alifungua mdomo. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa lile la fishi iliyoinuliwa juu, lile la kazi safi. Birindwa, ambaye siku ile ndiye aliyeiinua, alichukua karatasi mpya kutoka kwenye jalada, akaiweka gotini na kungoja, peni mkononi.

"Tuko watatu," Waridi alisema. "Mi, na mama yangu, na Rachid."

Sauti ilimkatika kwenye jina, akalirudia ili liandikwe vizuri.