Kionjo cha Ijumaa

Sheria ya jimbo letu inasema anayemimina vionjo katika duka la pombe haruhusiwi kuonja. Inasema na mengine: kikombe kisizidi kijiko kimoja cha chakula, mteja asipewe zaidi ya vikombe vitatu, na chupa iliyofunguliwa kwa kuonjesha ikibaki na kitu jioni imwagwe kwenye sinki, isiuzwe wala isiende nyumbani na mtu. Lakini ni hilo la mmiminaji ambalo Harlan Voss alilishupalia. Na mimi namlaumu Harlan mpaka leo, sitaki mtu aje kuniambia habari ya kusamehe.

Harlan ndiye mwenye duka pale njia panda, mkabala na maghala ya mahindi. Mimi Ardith ndiye keshia wake, miaka nenda miaka rudi. Zamani vionjo vya Ijumaa vilikuwa vikimiminwa na binamu yake, mtu wa kikombe kimoja kwa mteja na kimoja kwake, mpaka mkaguzi wa jimbo akaingia akamkuta anaimba. Harlan akapigwa faini na kuambiwa kosa la pili leseni inaondoka. Kwa majuma kadhaa alizunguka dukani amenuna, hata salamu haitikii. Kisha siku moja akaja kaunta uso umemng'aa.

"Ardith, kaka yako si ameacha kunywa?"

"Ameacha."

"Ameacha kabisa?"

"Kabisa. Unataka nini?"

"Sasa mji huu mzima, nani mwingine nimkabidhi chupa iliyo wazi?"

Nilicheka, nikidhani ni utani. Nilipoona hacheki nikampa vidonge vyake. Nikamwambia, Harlan, una akili timamu? Mtu ametolewa motoni na ngozi bado haijapona, wewe unamwita aje aote? Akanisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa upole kabisa. "Wewe mwenyewe unasema hagusi. Sheria inataka mtu asiyegusa." Hapo akanifunga mdomo, kwa maana kweli nilikuwa nikisema hivyo kila mahali, kanisani, saluni, hata kwa mtu wa posta. Nilikuwa nikijivunia kaka yangu Lowell kuliko nilivyowahi kujivunia jambo langu lolote.

Na Lowell alihitaji kazi kuliko pumzi. Binti yake Maren, mtoto wa darasa la nne, alikuwa kwa watu baki, familia ambako serikali ilimpeleka baada ya mama yake kuondoka na baba yake kukamatwa amelewa, gari lake limeingia kwenye uzio wa mtu. Mimi niliomba nipewe mtoto. Watu wa ustawi wa jamii wakaja kukagua, wakaona chumba changu kimoja kilichoko juu ya duka la pombe, wakaandika hapana. Jaji akamwambia Lowell maneno machache: uwe na kazi ya kudumu, usinywe, mtoto atarudi. Kazi kiwandani hawakumpa. Shuleni hata kufagia hawakumpa. Mji mdogo huu, kila mtu anajua gari lako liliwahi kuingia kwenye uzio wa nani. Aliyempa kazi ni Harlan peke yake, na kazi yenyewe ndiyo hiyo.

"Nitaweza," Lowell aliniambia. "Ni kumimina tu, Ardith. Hata muuza viatu si lazima avae vyote."

Basi akavaa shati jeupe, akachana nywele, akasimama nyuma ya meza karibu na friji za bia. Ijumaa ya kwanza alitia huruma. Kupima alipima vizuri, vitambulisho alivikagua, lakini watu walipomuuliza kinywaji kina ladha gani alishikwa na kigugumizi. Mteja anaonja chupa ghali, anataka kuambiwa anachoonja. Lowell anamwambia, "Ni wiski." Gus Tiedemann, mkulima mmoja mwenye mdomo, akasema kwa sauti, "Asante kwa kunijulisha, nilidhani ni supu."

Jioni hiyo Lowell alikaa kwenye ngazi za nje za chumba changu, hataki kula. Ndipo tukaanza ule utaratibu wetu. Wasambazaji humwachia Harlan chupa ndogo za kidole, za sampuli, kabla ya Ijumaa. Nikawa nazipandisha chumbani kwangu, nafunga mlango, nafungua dirisha, naonja mimi. Lowell anakaa nje kwenye ngazi, mbali na harufu, mimi namtupia maneno kupitia dirishani.

"Moshi," namwambia. "Ganda la chungwa. Mwishoni kuna sukari iliyoungua."

"Iliyoungua sana au kidogo?"

"Kama ile ya mama akisahau sufuria."

"Sawa. Nini tena?"

"Soksi."

"Ardith, siwezi kumwambia mtu soksi."

"Basi sema ngozi ya kale."

Tulikuwa tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Mimi si mnywaji, kusema kweli zile pombe nyingi zilinichoma tu ulimi, lakini nilijikaza nikatafuta maneno. Na Lowell aliyashika yote, hakuhitaji kuandika. Ijumaa inayofuata anaanza: hii inaingia na tufaa la kuoka, itulize ulimini, subiri, sasa mdalasini unakuja. Watu wanafumba macho. Wanasema, kweli, mdalasini huo hapo. Wakaanza kuja toka miji ya jirani, na chupa zikatoka. Jimbo likatuma kijana wa mtego, amefuga vindevu, miaka ya kuruhusiwa kunywa haijatimia. Lowell akatazama kitambulisho, akatazama uso, akamrudishia kwa adabu. Mkaguzi mwenyewe akaingia kumpa mkono. Harlan akaniangalia toka mlango wa stoo, nikajua anataka nimwambie kwamba alikuwa sahihi. Sikumwambia, lakini moyoni nilianza kuamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Jaji akapanga siku, Jumatatu. Ijumaa ya kabla yake Maren aliruhusiwa kuja kukaa na baba yake hadi siku ya mahakama. Mama mlezi akamleta mchana kwenye maegesho yetu, na kwa kuwa mtoto hatakiwi kukaribia meza ya kuonjesha, akakaa ndani ya gari la Lowell, madirisha wazi, na kitabu na pakiti ya karanga. Kila nilipopata nafasi nilitoka kumwangalia. Amekuwa mrefu. Aliniuliza kama chumba chake bado kina pazia la njano, nikamwambia baba yako amelifua na kulipiga pasi. Akacheka. Nilirudi kaunta machozi yananilenga.

Siku hiyo hiyo lori la msambazaji likachelewa, na chupa iliyokuwa imepangwa haikuwemo. Walileta nyingine, wiski ya shayiri nyeusi kutoka kiwanda kidogo ambacho sisi wote hatukuwahi kukisikia. Chupa ya kidole haikuwepo. Sikuwa nimeonja. Nikamwambia Lowell, leo soma tu karatasi ya chupa, usijitie utaalamu. Akasema sawa. Karatasi yenyewe haikuwa na neno ila jina la kiwanda na nguvu ya pombe. Akaichukua chupa stoo kwenda kuifungua.

Watu walijaa. Palikuwa na mechi ya shule ya sekondari jioni hiyo na kila mtu alipitia kwetu kwanza. Mimi nilikuwa nagonga bei, masikio yangu hayapo mezani. Kisha nikamsikia Gus akisema, "Haya, mwalimu, hii nayo inasemaje?"

Na Lowell akamjibu. Hakusita hata kidogo. Akasema hii haikukaribishi, inakusukuma mlangoni. Ulimi unakauka kwanza. Halafu ukishameza, ukidhani yamekwisha, unapanda utamu kutoka chini, mdogo tu, kama mkate mkavu ukiutafuna mpaka uwe sukari. "Na joto lake halikai kooni," akasema. "Linakaa hapa." Akajigusa chini ya mbavu.

Gus akameza, akasema, "Lowell, hiyo ndiyo kweli tupu."

Mikono yangu ilisimama juu ya mashine. Mama mmoja mbele yangu alikuwa ananyoosha kadi yake, ananiuliza kama niko salama. Nilianza kujidanganya pale pale. Nikasema labda mteja aliyetangulia ndiye aliyemwambia. Labda msambazaji. Labda amebahatisha. Lakini mtu habahatishi mahali joto linapokaa. Mimi katika Ijumaa zote hizo sikuwahi kumpa neno hata moja la baada ya kumeza, kwa sababu mimi nilikuwa nikitema.

Nilingoja mpaka mteja wa mwisho ametoka na Harlan amekwenda kwenye mechi. Lowell alikuwa kwenye sinki la stoo, chupa imeinama, inamalizika kumwagika kama sheria inavyotaka. Harufu imejaa.

"Nani kakupa maneno yale?" nikamuuliza.

"Wateja."

"Mteja gani?"

Aliendelea kutazama tundu la sinki. Hakuwa amelewa. Ningemkuta amelewa ningempiga, na ingekuwa rahisi. Alikuwa ametulia kuliko nilivyomwona miezi yote ile.

"Lini, Lowell?"

"Leo. Nilipoifungua." Akafunga bomba. "Kikombe kimoja, Ardith. Halafu kingine. Watu walikuwa wananisubiri niwaambie kitu na nilikuwa sina kitu."

"Ungesema ni wiski."

"Kila Ijumaa nasimama pale nasema tufaa, mdalasini, moshi, na watu wananiamini. Mimi nilikuwa sijui kama ni kweli. Nilitaka kujua kama ulikuwa unaniambia kweli."

Nilitaka kumtukana na lilikuja neno moja tu, Maren, nikalisema. Akafumba macho.

"Jumatatu jaji hatajua," akasema. "Ni leo tu. Mpaka Jumatatu itakuwa imetoka mwilini. Tatizo ni gari."

Gari la Lowell lilikuwa na kile kidude ambacho mahakama iliamuru kifungwe tangu kosa lake la kwanza, kabla ya lile la uzio; unapuliza kwenye mrija kabla ya kuwasha. Kikikuta pombe, gari haliwaki, na taarifa inakwenda mahakamani. Sasa nikaelewa kwa nini ananitazama vile.

"Nipulizie," akasema. "Dada yangu, mara moja. Nyumbani si mbali. Sitakuomba tena maisha yangu yote."

"Hapana."

"Unataka wamchukue?"

"Nataka usiendeshe gari na mtoto ndani."

"Nimekunywa vikombe viwili vya kijiko, Ardith."

"Siku ya uzio ulisema hivyo hivyo."

Tulitoka nje tukiwa bado tunabishana kwa sauti ya chini, namna watu wazima wanavyobishana wakidhani mtoto hasikii. Jua lilikuwa bado lipo juu ya maghala. Maren alikuwa ameshafunga kitabu. Alimtazama baba yake alivyokuwa akitembea kuja garini, akamtazama usoni, si kwa muda mrefu. Halafu akasogea hadi kiti cha dereva, akachukua ule mrija, akavuta pumzi, akapuliza na kumalizia kwa mguno, vile vile wanavyotakiwa kufanya. Kidude kikalia. Akazungusha ufunguo ulioachwa humo, gari likawaka.

"Tayari, Baba," akasema, akarudi upande wake na kufunga mkanda.

Lowell alishika mlango wa gari kama mtu aliyepigwa kofi hadharani. Nikamsogelea mtoto.

"Maren, nani alikufundisha?"

Alinishangaa. "Zamani nilikuwa napuliza kila siku tukienda shule."

Zamani. Maana yake kabla ya uzio, wakati Lowell ananiapia kwamba kidude kinampitisha kila asubuhi, na mimi nazunguka mji nikilisema hilo kwa fahari. Niliinama dirishani nikazima gari, nikachomoa ufunguo. Lowell hakunizuia. Alikaa chini pale pale kwenye lami, shati lake jeupe na yote, akaweka uso magotini.

Maren aliutazama ufunguo mkononi mwangu. Mtoto huyu ni mwepesi, anajua hesabu zake.

"Shangazi, usiseme Jumatatu," akaniambia. "Nitakuwa napuliza mimi. Sichoki."

Usiku huo wote wawili walilala chumbani kwangu, juu ya duka, mtoto kitandani, Lowell sakafuni, mimi kwenye kiti. Jumamosi na Jumapili tulikula, tukaenda kanisani, tukaenda nyumbani kwa Lowell kulitazama pazia la njano. Lowell hakunigusia neno, wala hakuomba tena. Nadhani alikuwa ananiachia niamue.

Jumatatu jaji aliniita kama ndugu wa karibu na mfanyakazi mwenzake. Akaniuliza kama kwa ninavyojua mimi Lowell ametii masharti. Maren alikuwa benchi la mbele, nywele zimesukwa, nilizisuka mimi asubuhi ile. Aligeuka akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, akiniomba.

Nikamjibu jaji, kuanzia kikombe cha kwanza. Nilipomaliza, Maren alikuwa ameshageukia mbele, na mama mlezi alikuwa tayari amesimama mlangoni ameshika koti la mtoto.