Kila Baada ya Siku Tatu

Mdogo wangu Fulgensi alikuwa mwongo hodari tangu utotoni, na nilimchapa kwa hilo zaidi ya mara moja. Mungu anisamehe viboko vile, maana mwaka ule wa vita vya Wazungu uongo wake mmoja ndio uliotuweka hai watu ishirini na watatu.

Kilikuwa kiangazi cha 1916, hapa Ifakara. Waingereza walikuwa wamefika upande wa Kidatu, ng'ambo ya Ruaha, na Wajerumani walikuwa upande huu wakiwasubiri. Barua za Wajerumani zilipelekwa kwa wenzao wa mbele kwa pikipiki, moja tu iliyobaki. Aliyeiendesha alikuwa Mjerumani tuliyemwita Bwana Kipimo, kwa sababu alipima kila kitu: mchele, kamba, hata nafasi kati ya kibanda na kibanda. Fulgensi alikuwa fundi wake. Alijifunza kazi Kilosa kwa fundi wa Kizungu, na yule fundi alipokufa kwa homa, ujuzi wote wa ile mashine ukabaki kichwani mwa mdogo wangu. Kitabu cha mashine kilikuwa kimezama mtoni, na hatukukilia.

Mafuta ya Ulaya ya kulainishia mashine yalipokwisha, Fulgensi akasema ya nyonyo yangefaa. Mbarika, mti wa nyonyo, humea hapa bila kuombwa, na mafuta ya nyonyo nilikuwa nikiyapika mimi, kama mama yangu kabla yangu. Sijisifu, ila hakuna mwanamke wa Ifakara aliyepata kuyashinda mafuta yangu mimi Tekla. Bwana Kipimo alikuja uani kwangu akayanusa, akakubali, kisha akamgeukia Fulgensi.

"Yabadilishwe kila baada ya muda gani?"

Siku zile askari wa Wajerumani walikuwa wakikamata watu kuwa wapagazi. Mwezi wa tano walichukua kumi na mmoja wa ukoo wetu kupeleka mizigo Rufiji, na hakurudi hata mmoja. Mume wangu Wendelin alikuwa na pumu. Mzigo wa ratili sitini ungemmaliza kabla hajavuka Kilombero, na hilo alilijua kila mtu pale uani, naye mwenyewe kwanza.

Fulgensi alitutazama mmoja mmoja. "Kila baada ya siku tatu, bwana. Ya nyonyo huganda. Debe zima, nusu ya kuoshea tumbo la mashine, nusu ya kuweka. Ni kazi ya watu wengi."

Siku tatu! Baadaye aliniambia kwamba wiki mbili zingepita salama, na chupa mbili zingetosha. Lakini Bwana Kipimo aliandika alivyoambiwa, na watu ishirini na watatu tukavishwa vibati shingoni ili askari wasitukamate. Tulichuma, tukamenya, tukakaanga, tukatwanga, tukachemsha. Mafuta yaliyotolewa kwenye mashine yakiwa bado mazima kabisa tulipaka nguzo za nyumba. Mchwa wa Ifakara hawajapata kuteseka kama mwaka ule.

Mwezi wa tisa ikaja amri kutoka Mahenge: wapagazi ishirini, upesi. Bwana Kipimo akaja uani asubuhi, akatuhesabu kwa kidole.

"Watu ishirini na watatu," alisema, "kwa kibaiskeli kimoja."

Wendelin alikuwa anatwanga; aliuacha mchi ndani ya kinu na mikono yake ikabaki juu yake.

"Leo mchana nitaweka mafuta mapya," Bwana Kipimo akamwambia Fulgensi. "Nitatia lakiri kwenye kifuniko, nipige muhuri, na hayatabadilishwa siku kumi na mbili. Mashine ikiwa nzima siku ya kumi na mbili, ulinidanganya. Wewe utanyongwa, hawa watabeba."

"Na ikifa, bwana?"

"Ikifa, mafuta ni ya nini tena? Watabeba vilevile."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesoma mizani. Alipoondoka, Wendelin alivua kibati chake akakitazama, kisha akakivaa tena. Mimi nilikuwa nimeelewa. Mashine isifike nzima siku ya kumi na mbili, wala isife. Iugue tu.

"Mchanga?" nilimwuliza Fulgensi.

"Mchanga unaua, dada. Utakwangua chuma mpaka basi."

"Nini kitakachoifanya iugue?"

Alifikiri akikuna kidevu. "Maji. Maji kidogo ndani ya mafuta. Yatafanya utando na gundi, taratibu. Yakizidi, mashine itakufa njiani. Yakipungua, hatatambua kitu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hilo unalijua wewe. Mimi ni mtu wa chuma."

Nilikaa mbele ya chungu, nikamkumbuka baba. Miaka kumi na moja kabla ya hapo nilimwona mganga akichanganya maji na mafuta ya nyonyo na punje za mtama, akampa baba yangu anywe, akampaka kifuani, ili risasi za Wajerumani zigeuke maji. Mafuta yale yalikuwa ya mama. Baba alikwenda Mahenge na wenzake, wakalikimbilia boma la Wajerumani mchana kweupe, na risasi hazikugeuka kitu chochote. Baada yake ikaja njaa iliyomchukua mama. Tangu hapo nilikuwa nikiyachemsha mafuta yangu mpaka tone la mwisho la maji likauke, na msichana aliyeniletea mafuta yenye maji alirudi kwao analia. Sasa niliambiwa niyaharibu, tena niyaharibu kwa kipimo.

Mafuta yenye maji hutatarika motoni. Maji yakiwa mengi hutatarika kama mvua juu ya majani makavu. Yakikaribia kwisha husikika mlio mmojammoja. Niliinamisha sikio. Wendelin alitaka kusema neno, nikamnyamazisha kwa mkono. Niliposikia milio imebaki michache, nilizivuta kuni zote nje ya mafiga. Mkono wangu ulijua kwamba bado, ukataka kuzirudisha. Niliukalia.

Nilijaza madebe matatu, maana sikujua atachagua lipi. Mafuta yakiwa ya moto maji hayaonekani. Yakipoa, maji hujitenga yakakaa chini. Basi nilimwomba Mungu Mjerumani asichelewe, ombi ambalo sikuwahi kuliomba kabla wala baada.

Alikuja jua likiwa utosini. Akachagua debe la katikati, akachovya kidole.

"Mbona ya moto?"

"Yametoka jikoni sasa hivi, bwana."

Akachota kwenye glasi, akaiinua juani. Kwenye kitako cha glasi niliona kitu kikianza kutulia, chembamba kama uzi, na sijui kama hakukiona, au alikiona akadhani ni mwanga. Akamimina. Akatia lakiri nyekundu, akagandamiza pete yake, akawasha, akaenda zake njia ya Kiberege.

Tangu hapo kazi yetu ikawa kusikiliza. Siku ya tatu alipita, mlio safi. Siku ya tano, safi. Fulgensi aliacha kula. Siku ya saba mashine ilipita ikiimba vizuri kuliko siku zote, na nikajichukia kwa ufundi wangu. Nilikuwa nimeyakausha mno. Wendelin alianza kunielekeza mahali alipozika mbegu za mpunga, nami nikamkaripia anyamaze, kisha nikalia.

Siku ya nane hakupita. Wala ya tisa.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, tuliwaona. Bwana Kipimo alikuwa mbele kwa miguu, anachechemea. Nyuma yake askari wawili, na kati yao watu wanane wamebeba pikipiki kwa miti miwili. Waliitua uani, yeye mwenyewe akaivunja ile lakiri, akamwambia Fulgensi afungue mbele ya macho yake.

Fulgensi alifungua. Ndani kulikuwa na gundi ya kahawia, pete za pistoni zimeshikana na chuma. Akaiosha kwa pombe ya moshi, akakwangua kwa kijiti cha mwanzi, akarudisha, akajaza mafuta niliyoyakausha sawasawa. Tukaisukuma watu sita. Ikakohoa, ikanyamaza. Tukaisukuma tena. Ikakohoa mara mbili, ikashika, ikanguruma.

Bwana Kipimo alisikiliza muda mrefu. "Siku tatu," alisema, akaandika. Kisha akawaonyesha askari wale waliobeba. "Hawa wanane nimekwisha kuwapata. Kumi na wawili mtaongeza kutoka Kiberege hukohuko."

Wendelin alinishika bega, akicheka na kukohoa pamoja. Ndipo nikawatazama wale wanane. Walikuwa wamekaa walipoangukia. Mmoja alikuwa mzee, mvi kichwani, amevua nguo begani. Mti ulikuwa umemchuna ngozi ikabaki nyama.

Nilimpelekea maji. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alikunywa taratibu. "Mimi Kelestini. Nilikuwa natoka shambani tu, nikaikuta mashine hii imekufa pale njiani, wakanikamata." Akatazama vyungu vyetu. "Ninyi hapa mna kazi gani?"

"Tunapika mafuta ya nyonyo."

"Basi, kama yapo, nipake kidogo hapa begani."

Nilileta yaliyo bora kuliko yote, yale ya kibuyu changu mwenyewe, nikampaka. Alifumba macho. Aliniambia ni mafuta mazuri, kwamba mkono ulioyapika umebarikiwa, na kwamba kwao hakuna mwanamke anayejua kuyakausha namna ile. Niliendelea kumpaka mpaka askari walipokuja na kamba kuwafunga.