Trei ya Pili

Kwa miaka thelathini na minne Fundi alichomelea mageti, vitanda vya chuma na matangi ya maji, na mtaa mzima ulimheshimu. Jikoni lakini alikuwa bure kabisa. Mkewe alimpikia mpaka wiki ya mwisho ya uhai wake, akijikongoja na kushika ukuta, na Fundi, Mungu amsamehe, alikaa mezani akingoja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mwanamume aliyezoea kuona sahani imefika mbele yake, asijiulize imefikaje.

Baada ya matanga, majuto hayakumwacha. Ndipo akajitolea katika jiko la nyuma ya zahanati, ambako watu wachache walipika bure na kupeleka chakula kwa wagonjwa majumbani. Mkuu wa jiko, mama mnene wa mwili na mwembamba wa subira, aliitwa Mama Vipimo. Alimkagua kuanzia viatu hadi kofia.

"Unajua kupika nini, baba?"

"Maji ya moto. Nayo siku nyingine hunikaukia."

Mama Vipimo alicheka, akamfundisha chakula rahisi kuliko vyote: viazi vya kukata, kuku juu yake, vitunguu, rojo la maziwa na unga, kisha trei nzima ndani ya oveni. Wiki ya kwanza Fundi alitokwa na machozi, na si ya vitunguu peke yake. Wiki ya tatu alikuja na rula yake ya kazini ili vipande vya viazi vilingane, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hakujali. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alikuwa analala usingizi.

Jiko lile lilikuwa na sharti moja. Kabla trei haijatoka mlangoni, mpishi achome kisu katikati, ahesabu mpaka kumi, kisha aguse ncha kwa kidole. Kisu kikiwa baridi, trei inarudi ndani. Fundi aliona sharti hilo ni la watu wasio na macho. Yeye maisha yake yote alipima moto kwa rangi ya chuma, na chuma hakikuwahi kumdanganya. Kuku ndiye atamshinda?

Jumanne alioka trei mbili. Kuku alikuwa ametoka kwenye friza asubuhi hiyohiyo, bado mgumu, lakini juu rojo liligeuka rangi ya dhahabu, likapendeza kweli. Fundi aliridhika. Trei ya kwanza aliifunika, dereva wa pikipiki akaondoka nayo. Ya pili ilikuwa chakula cha mchana cha wapishi wenyewe.

Mama Vipimo alitia kijiko, akasita. Ndani nyama ilikuwa ya pinki, na maji mekundu yakachuruzika kwenye viazi.

"Fundi, ulichoma kisu?"

Fundi aligeukia meza; kisu kilikuwa bado kisafi.

"Ile nyingine imekwenda kwa nani?"

"Kwa mshonaji," alisema Fundi.

Kila mtu pale alimjua mshonaji. Alikuwa ametoka hospitali siku tatu tu zilizopita, dawa kali zimemmaliza nguvu, na daktari alikuwa ameonya kwamba hata tunda lisilooshwa lingeweza kumrudisha wodini, au kumpeleka kusiko na kurudi. Mama Vipimo alipiga simu. Iliita hadi ikakatika.

Fundi alitoka mbio na aproni yake kiunoni. Mitaa miwili tu, lakini magoti ya mtu wa miaka sitini na sita hayajui haraka. Njiani aliomba jambo moja: asije akamuua na huyu. Maana moyoni aliamini kwamba wa kwanza, mkewe, ni yeye aliyemuua.

Alipiga hodi akiwa ameshaingia. Mume wa mshonaji alikuwa mezani, gazeti mkononi. Mshonaji mwenyewe, kitambaa kichwani, mkono mmoja umeshika kabati, alikuwa anapakua.

"Msile!" Fundi aliinyakua trei. "Haijaiva. Kosa ni langu mimi. Dada, umeonja?"

"Hata. Nilikuwa nampakulia baba watoto kwanza."

Hapo Fundi angeshusha pumzi. Hakuweza. Alikuwa anatazama ule mkono ulioshika kabati, na hasira zikampanda, asijue amkasirikie nani.

"Sasa tutakula nini, mzee?" mume aliuliza. "Mtu ana njaa hapa."

"Nitachemsha mayai," mshonaji alisema, akajivuta kuelekea jiko.

Fundi alivuta kiti, akamkalisha. Kisha akamgeukia mume.

"Mke wangu alinipakulia hivihivi, Jumapili, ameshika kabati. Alhamisi nikamzika." Sauti ilimpasuka. "Unajua nilimwambia nini Jumapili ile, ndugu yangu? Nilimwambia chumvi imepungua."

Gazeti lilishuka mezani. Mume alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kuanzia kitambaa mpaka vidole vya miguu, uso ukambadilika. Aliinuka, akafungua kabati, akalifunga, akafungua jingine.

"Sufuria," aliuliza kwa sauti ya chini, "huwa zinakaa wapi?"

Mshonaji alishika meza ainuke akamwonyeshe.

"Mwambie kwa mdomo tu, dada," alisema Fundi.