Mamba Aliyevaa Viatu Vyangu

Kila Jumamosi kijiji chetu cha Gotu hutembea pamoja hadi mtoni, na kazi yangu ni kuwapigia watu hadithi njiani. Hii ilikuwa Jumamosi ya kwanza tangu tumzike mke wangu, Akiru.

Nikaanza na ile ya mamba aliyeniibia viatu akavivaa. Hapo ndipo Akiru alipozoea kupaza sauti kutoka nyuma: "Muongo huyu! Mamba ana miguu minne. Viatu vingine viwili aliazima kwa nani?" Na watu walikuwa wakicheka mpaka mtoni.

Nikamwachia nafasi yake ya kunipinga, kama kawaida. Jirani yangu Lodio akanishika bega. "Pole, mzee. Ni kweli kabisa."

Nikaongeza chumvi. "Akaenda navyo Isiolo mjini, akanyolewa ndevu!"

"Sawa, mzee wetu," akasema Nimo, muuza chai, akijifuta machozi.

"Kinyozi akampa dada yake amwoe!"

Wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima zote.

Mtoni wakaketi kunywa chai. Mimi nikageukia njia tuliyotoka, nikamngoja yule wa kuniuliza habari ya viatu vingine viwili.