Kila Fundi Alipogonga Ukuta

Kila asubuhi fundi cherehani alianza hivi: tone la mafuta kwenye mashine, uzi tunduni, redio, kisha mguu kwenye pedali. Siku hiyo mguu ulibaki hewani. Aliyekuwa akiongea redioni ni kaka yake.

Albamu ya bendi yake ya roki ilikuwa imevuma ghafla; hata kinyozi wa jirani aliipiga miluzi. Mtangazaji alitaka kujua imekuwaje nyimbo tisa ziwe na mitindo tisa: huu magitaa yananguruma, ule kama bembelezi la mtoto, mwingine mwendo wa gwaride, wa mwisho kinanda na mnong'ono tu.

Kaka akacheka. Akaeleza kwamba walifanyia mazoezi stoo, nyuma ya chumba cha mdogo wake, mtu asiyesema hata akikanyagwa.

"Tukimchosha, anagonga ukuta kwa rula ya chuma. Basi tunabadilisha mtindo."

Fundi akaduwaa, kitambaa mkononi. Miaka mitatu muziki ule ulimjia kupitia ukuta. Pini zilitetemeka koponi, kitambaa kikateleza chini ya vidole kama maji, na chumba kikapanuka hadi asione kona zake. Ulipomgusa moyo, aliinua rula akagonga mara tatu. Alimaanisha: rudieni. Wao wakanyamaza, wakanong'onezana, wakaanza kitu kingine kabisa. Alidhani ndivyo wanamuziki walivyo, hawarudii.

Mchana kaka akaja na maboksi. Alisema wamepata ukumbi wao, anahamisha ngoma leo leo, naye sasa atashona kwa raha zake.

"Jirani korofi, umeshinda," akamtania.

Fundi akampongeza. Akampa na shati alilompunguzia mikono. Lakini alijua ngoma zikishatoka, kaka ataondoka akiamini kwamba mtu wa damu yake hakuupenda muziki wake hata siku moja.

Ngoma kubwa ikapita mlangoni, ndogo zikafuata. Kila moja iliguna kidogo ilipogusa fremu, kama mtu anayegeuzwa usingizini. Kaka akarudi stoo kuchukua matoazi.

Fundi akashika rula. Akagonga mara tatu.

Ikaja sauti ya kaka, na kicheko ndani yake: "Hee, wewe! Hata sijapiga kitu."

Fundi akazunguka hadi mlango wa stoo, rula bado mkononi, macho kwenye sakafu ambako miguu ya ngoma ilikuwa imeacha miduara isiyo na vumbi.

"Kaka, nilikuwa nagonga ili mrudie."

Kaka akaweka toazi chini polepole, lisilie.

"Zipi?"

"Zote. Lakini ule wimbo wa kwanza kabisa, ambao haumo kwenye albamu... Mwisho wake sijawahi kuusikia. Naomba unipigie."